Dawa Katika Friji ya Jirani

Dawa ya binti yangu ilikuwa ikikaa kwenye friji ya jirani, ng'ambo ya barabara, kati ya chupa za fanta na samaki. Kwa sababu hiyo nilijifunza kuamka na macho yakitazama upande mmoja tu. Jirani alikuwa na balbu juu ya mlango wa duka lake, na hakuwa na desturi ya kuizima hata jua likitoka. Ikiwa inawaka, nilirudi ndani nikapika uji. Ikiwa imezimika, mikono ilianza kukosea, chumvi ikaingia mahali pa sukari, na watoto wakajua kwamba siku hiyo mama yao asisemeshwe ovyo.

Kwetu ni Rwimbogo, upande wa juu wa barabara. Upande wa chini una umeme, upande wa juu hauna. Barabara yenyewe si pana kiasi cha kutenganisha watu. Mbuzi wa jirani aliivuka kila alipotaka maharage yangu. Juu ya migomba yetu zinapita nyaya nene zilizobebwa na minara ya chuma, zikitoka kwenye mabwawa ya mto Rusizi, na siku za unyevunyevu zinavuma mpaka mgeni anauliza ni nyuki gani hao. Jioni, kutoka uani kwangu, naona taa za kiwanda cha saruji kule Muganza. Mume wangu anafanya kazi ya zamu kwenye machimbo ya huko. Kwa miaka mingi alitoka kwenye mwanga mkali kama wa mchana, akapanda mlima, akaingia kwake akipapasa ukuta.

Sikuwa mtu wa kulalamikia giza. Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nikarudi Rwanda na wazazi wangu nikiwa msichana, na kule Bukavu courant, kama tunavyouita umeme sisi watu wa huku, ilikuwa kama mlevi: inarudi nyumbani inapotaka, na haiulizwi ilikuwa wapi. Ulipokuja mpango wa sola, wa kulipa kidogo kidogo, tulichukua. Walitupa kibati cha juu ya paa, taa nne, redio na waya wa kuchaji simu. Siku ya kwanza niliwasha na kuzima mpaka mume wangu akaniuliza kama ninataka kuivunja. Nilifurahi kweli, na sioni aibu kusema hivyo hata leo.

Baadaye walipita vijana wa kuuliza nyumba ipi ina umeme na ipi haina. Ilikuwa mchana, lakini mvua ilikuwa imeufunga mlima na ndani kulikuwa kweusi. Kwetu mgeni hapokelewi gizani. Nikawasha taa zote nne, hata ile ya jikoni, nikafungua redio, nikawakalisha, nikawapa chai ya maziwa. Walisifu sana taa. Mmoja alinyanyua macho akasema nyumba hii inang'aa kama ya mjini, akagusa kioo cha tableti yake mara kadhaa, nami kwa furaha nikamwongezea chai. Hakuna aliyeniuliza taa hizo zinaweza kufanya nini zaidi ya kuwaka, na mimi sikuwa na sababu ya kulisema hilo.

Mwaka uliofuata binti yangu wa kwanza akaanza kukonda. Alikuwa msichana wa kurukaruka, wa kupanda miti akiwa na sare ya shule, ghafla akawa anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na analowesha kitanda ilhali alishaacha zamani. Nilimgombeza. Kisha akaanguka shuleni, na hospitali wakasema ni kisukari, kile cha watoto, kisichoponywa na mboga wala maombi bali sindano kila siku ya maisha yake. Muuguzi alinifundisha kuchoma kwa kutumia chungwa. Alikuwa mwanamke mpole, alinisubiri nilie kwanza, kisha akanirudishia chungwa mkononi.

Halafu akaniuliza dawa nitaiweka wapi. Ile iliyofunguliwa, akasema, inaweza kukaa nyumbani ndani ya chungu, chungu kikiwa ndani ya chungu kingine, katikati mchanga wenye maji. Lakini zile zisizofunguliwa, za wiki nyingi, lazima zikae kwenye friji. Nikamwambia kwetu tuna umeme. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoamini. Akauliza umeme wa aina gani, nikamweleza taa nne na redio. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda, akasema hizo taa haziwezi kuvuta friji, hata ile ndogo kabisa. Sola ya kuvuta friji ipo, lakini bei yake ingetaka tuuze shamba, kisha tule friji. Friji ya kituo cha afya ni ya chanjo, na hairuhusiwi kuwekwa kitu cha mtu.

Ndipo nilipovuka barabara kwenda kwa jirani.

Alikuwa mwanamke wa Kamembe, Mwislamu wa zile familia za mjini zinazozungumza Kiswahili tangu kwa mababu, mjane, mchangamfu, mwenye sauti inayofika kabla yake. Alikuja kijijini kwa ndoa na akabaki kwa biashara. Alinunua sambaza wabichi, dagaa wa huku, ziwani, akawauza kwetu, na fanta baridi kwa wapita njia. Nilipomweleza, hakuniacha nimalize. Aliondoa chupa zake mwenyewe, akafuta kona moja ya friji kwa kitambaa, akasema dawa ya mtoto haiombewi nafasi. Nilivuka kurudi nikitembea kwa wepesi kama niliyeshushiwa mzigo wa kuni.

Wepesi huo haukudumu. Mkono mtupu haulambwi, na mimi sikutaka mkono wangu uonekane mtupu mbele ya yule mwanamke hata asubuhi moja. Nilipeleka ndizi, nikapeleka maharage mabichi, nikapeleka majani ya mihogo niliyoyatwanga mwenyewe. Hakuniomba kitu hata siku moja. Mimi ndiye niliyejitoza. Mbuzi wake alipokula maharage yangu, nilimrudisha kwa kamba nikicheka, nikasema mnyama huyu ana akili sana. Kwenye kikundi chetu cha wanawake, neno lake likawa langu kabla sijalisikia. Mimi, ambaye dada zangu waliniita pilipili, nikawa mtu wa kutabasamu. Mume wangu alinitania kwamba nimeolewa mara ya pili, safari hii na friji. Nilicheka, lakini usiku huo nilikosa usingizi, maana alikuwa amesema kweli. Nilikuwa naogopa kumkera mwanamke ambaye hakuwahi kunikera.

Ukaja mkutano wa wananchi, tunaouita inteko, na habari ikatutangulia kwamba nguzo za umeme zinaletwa. Nilivaa kitenge changu kizuri. Kijana wa kampuni alisimama mbele akaeleza kwamba nguzo zitapanda kilima cha pili, kile cha nyuma yetu, na upande wetu wa juu haumo, kwa kuwa nyumba zetu zimekwisha kuhesabiwa kuwa na mwanga. Alisema kwa upole na hakutudharau. Nilisimama. Nikamweleza kuhusu dawa, friji, na taa ambazo haziwezi kupoza hata glasi ya maji. Akajibu kwamba ameelewa na atafikisha, ila haki ni kuanza na wale waliomo gizani kabisa.

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Lakini pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa kilima kile, aliyetembea tangu asubuhi kuja kusikia. Alinivuta kitenge nikae, akaninong'oneza, wala hakuwa na shari.

"Maman, siye hata ile ya jua hatuna. Mujukuu wangu alizaliwa na torshi ya telefone."

Nikakaa. Alikuwa na haki yake na mimi nilikuwa na mtoto wangu, na yule kijana alikuwa na nguzo za kutosha mlima mmoja. Watu wa kilima cha pili walipiga makofi, na mimi nikapiga nao, nusu nusu. Njiani kurudi nilitazama zile nyaya nene juu ya migomba yangu na kuzitukana kwa Kimashi, lugha niliyoitumia utotoni Bukavu kwa matusi tu. Nilipofika nyumbani nilikuwa na wasiwasi zaidi kuliko nilipoondoka, kwa maana kabla ya mkutano nilidhani ni suala la kungoja zamu.

Baada ya hapo mvua kubwa zikaanza. Chupa ya dawa ya nyumbani iliisha, nikavuka kuchukua nyingine. Jirani alijua siku yangu. Alikuwa ameitoa mapema akaiweka mezani juu ya kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, ili nisisubiri mlangoni kama mteja. Tulizungumza habari za mvua na za mpakani, kwamba wapagazi wa kivuko cha Rusizi ya Kwanza wanalowa siku nzima, kisha nikarudi nyumbani na chupa yangu. Ilikuwa safi, maji yake yakionekana kama siku zote. Nilimchoma binti yangu jioni hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa.

Akaanza tena kuomba maji. Mwanzoni alificha; nilimkuta ameinama kwenye ndoo ya mvua, akinywa kwa mikono. Vile vijiti vya kumpimia sukari vilikuwa vimetuishia, na gari la hospitali lilikuwa likiletea kituo cha afya vipya pale tu lilipoweza kupita matope. Nikaongeza dawa kidogo, nikiogopa kumzidishia. Haikusaidia. Nilimtazama akila, nilimtazama akilala, nilihesabu anavyopumua mpaka pumzi zangu zikavurugika. Nikawaza pengine nimekosea kuchoma. Nikawaza pengine ni malaria. Na chini ya mawazo hayo kulikuwa na jingine ambalo sikutaka kulishika: kwamba dawa yenyewe imekufa, na kwamba ili kujua imekufa wapi, itabidi nimuulize jirani.

Asubuhi moja nilimwinamia kumwamsha, nikasikia pumzi yake inanuka ndizi mbivu, harufu ile ya shimo la ndizi za pombe linapofunuliwa. Muuguzi wa chungwa alikuwa amenionya kuhusu harufu hiyo. Sikumsubiri mume wangu atoke zamu. Nilimbeba mgongoni binti wa miaka kumi, miguu yake ikinigonga magotini, na jirani aliponiona akaacha duka wazi, akasimamisha pikipiki katikati ya barabara kwa mwili wake mwenyewe. Tulipanda watatu, mtoto katikati. Kituo cha afya wakaita ambulansi, na ndani ya ambulansi nilimshika mkono nikimwambia mambo ya kipuuzi, habari za kuku na nani kataga, maana niliogopa nikinyamaza atalala.

Alipona. Nalisema mapema kwa sababu mimi mwenyewe sipendi mtu anayenisimulia mtoto mgonjwa huku akinificha mwisho. Daktari alinyanyua ile chupa kwenye mwanga, akauliza ilikaa wapi, kisha akauliza kama iliganda. Nikasema haijaganda, ilikuwa maji. Akaeleza kwamba dawa hii ikishaganda mara moja, hata ikiyeyuka ikarudi kuwa maji mazuri, haina nguvu tena, na macho hayawezi kuona tofauti. Nikamwambia kwamba inakaa kwenye friji. Akaniuliza, sehemu gani ya friji. Sikujua. Tangu siku ile jirani alipofuta kona kwa kitambaa, sikuwahi kufungua friji ya mtu nikachungulia. Nani hufanya hivyo kwenye nyumba ya mwenzie?

Niliporudi nilivuka barabara bila ndizi, bila chochote. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na yalikuwa makali. Alikuwa akipaa samaki. Nikauliza tu dawa aliiweka wapi. Akainuka na mikono yake ya magamba, akanionyesha kwa fahari, akafungua kile kimlango cha juu. Chupa zangu zilizobaki zilikuwa ndani ya bakuli la udongo lenye maua, lile la sikukuu, zimezungukwa na barafu.

"Zamani nilitiaka hapa chini," alisema, "lakini batu banafungula iyi mulango kila saa juu ya fanta, baridi inatoka. Njo maana nikaipandisha huku yulu, kwenye baridi mingi. Nilisema iyi ni roho ya mutoto, haiwezi kulala na fanta."

Aliona uso wangu kabla sijamwambia. Nilipomwambia, alikaa chini sakafuni, akajifunika kichwa kwa kanga, akalia kwa sauti ya msibani. Na ile hasira yangu yote, niliyoipanga neno kwa neno, haikupata mahali pa kutua. Ningemgombeza kwa kosa lipi, la heshima kupita kiasi? Nilimchukia hata hivyo, kwa muda mfupi, akiwa pale sakafuni. Nilimchukia kwa kuwa na friji, na kwa kuwa mwema, na kwa kunifanya nimhitaji. Kisha nikakaa naye, tukalia wote wawili, mpaka mteja akaja akaomba fanta na mmoja wetu akalazimika kuinuka.

Zile chupa tulizitupa, tukaweka mpya kutoka hospitali chini, kwenye kona yake ya zamani, na akaacha kuuza fanta ili mlango usifunguliwe hovyo. Nilimwambia asifanye hivyo. Akanijibu kwamba fanta si chakula. Nilidhani mambo yangeishia hapo. Lakini mama yake kule Kamembe alikuwa amezeeka na hakuwa na wa kumwogesha, ndugu zake wakamwita, na bila fanta duka la kijijini halikuwa na sababu ya kumshikilia. Alikuja kwangu jioni moja, akakaa kwenye kiti bila kuegemea, akaniambia anarudi kwao. Sikuuliza habari zake wala za mama yake. Nilichouliza, Mungu anisamehe, ni kama friji inaenda.

Akasema inaenda. Kisha akasema lile alilokuja kulisema: mtoto aende nayo. Pale mjini courant haikatiki sana, hospitali iko karibu, shule iko nyuma ya nyumba yao. Jumapili atampeleka mwenyewe mpaka mlango wa kanisa letu na kumsubiri nje. Alitazama mikono yake akisema hayo, na nilijua amelibeba jambo hilo siku nyingi kabla ya kulileta.

Mume wangu akasema mtoto anaenda Kamembe, haendi ng'ambo ya bahari. Nilimwambia najua Kamembe iko wapi. Nilitafuta njia nyingine. Nilirudi kwa viongozi wa kijiji, nikampigia yule kijana wa nguzo, akanikumbuka, akasema ombi letu lipo na linasubiri mwaka mwingine wa mpango. Hakunidanganya, na nilimshukuru. Lakini dawa ya mtoto haijui kusubiri mpango. Nilimweleza binti yangu wakati wa kuchuma maharage. Aliuliza kama wadogo zake watapanda mti wake. Nikasema hawatathubutu.

Siku ya kuhama likaja gari dogo la mizigo. Friji ilipakiwa kwanza, ikiwa imesimama wima, imefungwa blanketi na kamba, wanaume wakielekezana kwa sauti wasiilaze. Godoro la binti yangu likasukumwa pembeni yake kuizuia isiyumbe. Dawa alizishika mwenyewe mapajani, ndani ya kile chungu cha mchanga, kwa safari hiyo fupi. Nilipenyeza kichwa dirishani kumkumbusha achome wapi, azungushe mahali, asisahau kula kabla ya mchezo. Alikuwa akijua yote hayo kuliko mimi. Jirani alinishika bega, tukashindwa kuagana vizuri, na dereva akawasha gari.

Nguzo zimefika kilima cha pili. Nakiona sasa kikiwaka jioni, na yule bibi alinitumia salamu na mkungu wa ndizi. Sisi tunangoja. Binti yangu amenenepa, na anaongea Kiswahili cha mjini cha kunicheka. Nampigia simu kila asubuhi kabla hajaenda shule. Wiki iliyopita jirani alipokea, akampa simu haraka kwa kuwa alikuwa akimvalisha mama yake, na nikasikia kijiko kinagonga kikombe, na pumzi ya binti yangu anapoinua simu. Nikamuuliza kama courant iko.

"Iko," alisema. Akaweka kijiko chini. "Maman, kila siku unauliza courant mbele. Uniulize na miye."

Nilisimama uani na simu sikioni, nikamuuliza amekula nini.